Mbwa anayevuta aongozwe kichwa, asikabwe shingo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huenda wengi hawajapata kulisoma gazetini, nalo ni namna tunavyowafunga na kuwaongoza mbwa wetu tunapotoka nao nje ya uzio. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Isanga hapa jijini Mbeya, na tangu nilipoanza kuwa na mji wangu, nyumbani hapajakosa mbwa. Nimesukumwa kuandika na mambo mawili niliyoyashuhudia katika muda wa miezi michache: kwanza ajali iliyompata dada yangu, na pili hali niliyoikuta uwanjani siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambako watoto wa shule walikuwa wakikokotwa na mbwa waliofungwa kwa waya.

Nianze na ajali. Dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 66, alikuja kunitembelea kutoka Tukuyu mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Mbeya humfanya mtu atafute sababu ya kutembea ili apate joto. Asubuhi moja alijitolea kumtoa mbwa wetu, Chui, ambaye ni chotara wa mbwa wa Kijerumani na wa kienyeji, mwenye uzito wa kilo 34. Kwa kuwa alijua kwamba Chui huvuta, aliuzungusha mnyororo mara mbili kiganjani ili usimponyoke, kosa ambalo wengi wetu hulifanya tukidhani ni tahadhari. Walipofika kwenye njia ya miguu inayopanda kuelekea mlima Loleza, mbuzi watatu walichomoza kwenye majani, Chui akaruka, na dada yangu, ambaye mkono wake ulikuwa umenaswa, akaanguka kifudifudi na kuburuzwa hatua nne au tano kwenye changarawe yenye umande. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Alifungwa plasta ngumu kwa wiki sita, na mpaka leo hawezi kusonga ugali kwa mkono huo.

Jioni ya siku hiyo nilikaa chini na Chui, nikafungua mkanda wake na kuyafunua manyoya ya shingo kwa vidole. Kuzunguka shingo yote, mahali mkanda unapokaa, nilikuta mstari wa ngozi isiyo na manyoya, mnene kama sugu ya kisigino, na upande wa koo palikuwa na kidonda kibichi chenye ukubwa wa shilingi mia. Nilikumbuka kwamba kwa miezi kadhaa mbwa huyo alikuwa akikohoa kila alipokunywa maji baada ya matembezi, nasi tukasema ni baridi. Mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye anasomea udaktari wa mifugo huko Morogoro, nilipompigia simu na kumweleza, alinijibu maneno ambayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli: "Shangazi, huyo mbwa hana mafua, mnamkaba."

Mbwa havuti kwa ukorofi. Mwendo wake wa kawaida ni wa haraka kuliko wetu, pua yake inamletea habari ambazo sisi hatuna njia ya kuzipata, na kila anapovuta akafika kwenye harufu aliyoitaka, anajifunza kwamba kuvuta ndiko kunakomfikisha. Akifanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima, atakuwa amefunzwa kuvuta na sisi wenyewe. Adhabu ya mafunzo hayo anaibeba shingoni. Mbele ya shingo ya mbwa, chini ya ngozi tu, lipo bomba la hewa lililoundwa kwa pete za gegedu, na kandokando yake mishipa mikubwa ya damu inayokwenda na kutoka kichwani. Mkanda unapokaza hapo, mnyama hukohoa, ulimi hubadilika rangi, na shinikizo hupanda mpaka machoni. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006 ulipima presha ya ndani ya macho ya mbwa waliokuwa wakivuta, ukaona kwamba ilipanda walipovuta kwa mkanda wa shingo, na haikupanda hivyo walipovuta kwa mikanda inayofungwa kifuani. Ikiwa mkanda mpana unafanya hivyo, msomaji na afikirie mnyororo unaojikaza wenyewe, au ule waya wa kufungia magunia ninaouona shingoni mwa mbwa wengi wa mitaa yetu.

Sisi watu wa nyanda za juu hatuna sababu ya kutolijua jambo hili, kwa maana tumeishi na wanyama wakubwa tangu utoto. Wazazi wangu walipopata ng'ombe wao wa kwanza wa maziwa kule Rungwe, hakuna aliyefikiria kumfunga kamba shingoni na kushindana naye nguvu. Walimtengenezea hatamu ya kamba ya katani, iliyopita nyuma ya masikio na juu ya pua, na mtoto wa darasa la nne aliweza kumpeleka mnyama yule mtoni na kumrudisha, kwa sababu kichwa kinapogeuka mwili hauna budi kufuata. Wakulima wa Usangu na Mbozi wanaolima kwa maksai wanaujua upande wa pili wa habari hii: mnyama ukitaka avute, unamwekea nira mabegani, mahali zilipo nguvu zake zote. Mbwa wanaovuta sleji, yaani vigari visivyo na magurudumu, kwenye theluji za Alaska nao hufungwa mikanda ya kifuani, kamba ikaunganishwa mgongoni, kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tunamfunga mbwa mahali anapoweza kutumia uzito wake wote dhidi yetu, kisha tunamchapa kwa kuutumia.

Dawa niliyoipata mimi ni hatamu ya kichwa ya mbwa. Neno hatamu tumelizoea katika siasa, tunaposema chama fulani kimeshika hatamu, lakini asili yake ni hii hii ya kumwongoza mnyama kwa kichwa chake, na sioni haja ya kutafuta neno lingine. Kifaa chenyewe kimekuwapo kwa miongo kadhaa. Huko Uingereza mtaalamu wa tabia za wanyama, Roger Mugford, ndiye aliyebuni ile inayouzwa kwa jina la Halti, na huko Marekani daktari wa mifugo R. K. Anderson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akishirikiana na mkufunzi wa mbwa Ruth Foster, walibuni ile inayoitwa Gentle Leader. Zote mbili zina wazo moja, ambalo mtu yeyote aliyewahi kuongoza punda ataliona mara moja: mkanda mmoja hukaa juu kabisa ya shingo, nyuma tu ya masikio, mwingine huzunguka pua chini ya macho, na yote miwili hukutana chini ya kidevu kwenye pete ambapo kamba ya kuongozea hufungwa. Mbwa akivuta, kamba haimkabi koo, bali inaigeuza pua yake taratibu kumwelekea aliyemshika, na akishageukia huko hawezi tena kusonga mbele kwa nguvu zile zile.

Hapa naomba nikazie jambo moja, kwa sababu nimelazimika kulieleza njiani zaidi ya mara ishirini. Hatamu ya kichwa si kifunga mdomo. Mbwa aliyeivaa vizuri anahema kwa kinywa wazi, anakunywa maji, anapiga miayo, anabweka, anaokota mfupa, na akitaka kuuma anaweza kuuma. Jambo la kuhema lina uzito wake, kwa kuwa mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoza joto kwa kuhema, na kumfunga mdomo kwa kamba na kumtembeza juani ni kumhatarishia maisha. Kwa hiyo mwenye mbwa anayeuma asije akadhani kwamba kifaa hiki kitamlinda jirani yake.

Ya Chui sikuinunua dukani. Nilichukua picha niliyotumiwa kwenye simu na kwenda nayo kwa fundi viatu mmoja pale Mwanjelwa, mzee mtaratibu ambaye aliitazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza, "Mama mwalimu, hii ni ya ndama?" Nilipomwambia ni ya mbwa alinitaka nimlete mwenyewe apimwe, na huo ulikuwa ushauri bora kuliko wote niliopewa. Alitumia utepe wa nailoni wa mabegi wenye upana wa sentimita mbili, akautandikia kitambaa laini upande unaogusa pua, akaweka bizimu ndogo ya kuongeza na kupunguza, na pete ya chuma chini. Ya kwanza haikufaa. Kitanzi cha pua kilikuwa kipana mno, na Chui aliichomoa kwa ukucha mmoja wa mguu wa mbele kabla hatujafika barabarani. Ya pili fundi alifuata vipimo ambavyo mwanafunzi wetu wa Morogoro alivituma: mkanda wa nyuma ya masikio uwe umekaa juu na umebana kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu chini yake, lakini kitanzi cha pua kiwe na nafasi ya kuteleza kutoka chini ya macho hadi karibu na ncha nyeusi ya pua bila kuivuka. Watu wengi hufanya kinyume, wanalegeza shingoni kwa huruma na kubana puani kwa hofu, na matokeo yake ni kwamba kifaa kinachubua pua na bado kinachomoka. Zaidi ya hapo fundi alishona kipande kifupi cha utepe kinachounganisha pete ya chini na mkanda wa kawaida wa shingo, ili hatamu ikichomoka mbwa asiwe huru barabarani. Kwa sisi tunaoishi jirani na barabara kuu ya Zambia, ambako malori ya kwenda Tunduma hayalali, kipande hicho si pambo.

Baada ya kukipata kifaa ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na hapa ndipo watu wengi hukosea, wanamvika mbwa siku hiyo hiyo, wanatoka naye, mbwa anajigaragaza na kujikwangua uso, na wao wanahitimisha kwamba kifaa ni mateso. Mbwa hajazoea kitu juu ya pua yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998, uliowalinganisha mbwa waliovalishwa hatamu ya kichwa na waliovalishwa mkanda wa kawaida, ulikuta kwamba wenye hatamu walijikwangua pua zaidi, lakini haukukuta tofauti katika vipimo vya mwili vinavyoonyesha mfadhaiko. Kujikwangua huko hupungua kama mtu hana haraka. Mimi nilitumia siku kumi na mbili, na sijutii hata moja.

Siku tatu za kwanza sikumvika chochote. Nilikishika kitanzi cha pua wazi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia, ng'ambo ya kitanzi, nikashika kipande cha ini lililochemshwa, kidogo kama punje mbili za mahindi. Chui alipopitisha pua kufuata ini, alikipata, nami nikaondoa kitanzi kabla hajakifikiria. Tulifanya hivyo mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mpaka ikawa nikikitoa kitanzi mfukoni yeye mwenyewe anakuja kuingiza pua. Siku ya nne nilikiacha puani kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, kesho yake mpaka ishirini. Siku ya sita nilifunga mkanda wa nyuma ya masikio wakati bakuli lake la chakula likiwa mbele yake, na alipomaliza kula nilifungua. Siku ya saba alikumbuka kwamba kuna kitu usoni, akalala kwenye majani na kuisugua pua yake kama mtu aliyeingiwa na upupu. Sikumkemea wala sikumfungua wakati anajisugua, nilimwita tukatembea hatua chache kuelekea jikoni, na alipoinua kichwa nikampa ini. Kama ningemfungua pale pale alipokuwa akijisugua, angejifunza kwamba kujisugua ndiyo njia ya kuvuliwa. Siku ya tisa tulizunguka uani na kamba ikiwa imelegea, na siku ya kumi na mbili tukatoka getini.

Tulipofika kwenye njia ile ya Loleza, mbuzi walikuwapo. Chui aliwaona kabla yangu. Masikio yalisimama, mabega yakashuka, na nikajua anajiandaa. Sikuvuta. Nilisimama, kamba nikaishika kwa mikono miwili karibu na kiuno, na alipojirusha, pua yake ilizunguka ikanielekea mimi, miguu ya nyuma ikapoteza mwelekeo, akabaki amesimama ananitazama usoni kwa mshangao. Hakukohoa. Nililegeza kamba papo hapo, nikampa ini, tukaendelea na safari huku mbuzi wakiwa upande wetu wa kushoto. Dada yangu alikuwa nyuma yetu na mkono wake kwenye plasta, na yeye ndiye aliyesema, "Ungekuwa nayo hii mwezi uliopita."

Kulegeza kamba papo hapo ndiyo siri ya kazi yote, nami naomba wasomaji wasiipite haraka. Hatamu haimfundishi mbwa kitu kwa kukazwa tu. Anachojifunza ni kwamba akitembea karibu nasi uso wake unakuwa huru na ini linakuja, na akivuta safari inasimama. Mwenye kukaza kamba wakati wote amebadilisha mahali pa kumtesa tu. Na mwenye kuishtua kamba kwa nguvu, kama tulivyozoea kuishtua minyororo, anafanya jambo la hatari zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu kichwa cha mbwa kikigeuzwa ghafla wakati mwili unakwenda mbele, shingo na uti wa mgongo vinaweza kuumia. Kwa sababu hiyo hiyo kamba isiwe ndefu ya kumruhusu mbwa akimbie kwanza ndipo ikamate. Mita moja na nusu hadi mbili inatosha. Mbwa asifungwe kwenye mti kwa hatamu, asiachwe nayo peke yake bandani, na asiongozwe nayo na mtu aliye juu ya baiskeli au pikipiki. Mbwa wenye pua fupi zilizobonyea, wale ambao uso wao ni bapa, haiwafai kabisa kwa kuwa haina pa kukaa. Hao wavalishwe mikanda ya kifuani ambayo kamba yake inafungwa mbele, kwenye kidari, si mgongoni. Mwenye kidonda usoni au jicho linalouma apone kwanza.

Kuna majirani walioniambia kwamba kumtembeza mbwa ni mambo ya Wazungu, na kwamba mbwa wa ulinzi akizoeshwa kutembea kwa adabu atapoteza ukali. Nawaheshimu, lakini siwezi kukubaliana nao. Desturi yetu ya mjini ni kumfungia mbwa bandani kutoka alfajiri hadi usiku, ndani ya banda ambalo mara nyingi hawezi hata kujigeuza vizuri, kisha tunamwachia uani geti likishafungwa. Mbwa wa namna hiyo siku atakayotolewa nje, iwe ni kwa matibabu au kwa chanjo, anakutana na dunia nzima kwa mara moja, pikipiki, kuku, mbwa wenzake, watoto wanaokimbia, na anavuta kwa sababu hajui afanye nini kingine na mwili wake. Chui bado anabweka mgeni akigonga geti usiku. Tofauti ni kwamba sasa mjukuu wangu wa darasa la saba anaweza kumshika mchana.

Hilo linanirudisha kwenye uwanja wa chanjo. Kila mwaka tunatangaziwa kuwapeleka mbwa wakachanjwe, na ni jambo la lazima, kwa maana kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu, na karibu watu wote wanaokipata wanakipata kwa mbwa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hauwezi kuendelea kuenea miongoni mwao, na dunia imejiwekea lengo la kufikia mwaka 2030 bila kifo cha binadamu kinachotokana na kichaa kinacholetwa na mbwa. Lakini asilimia 70 inapatikana kwa mbwa kufika uwanjani, na anayewafikisha kwa kawaida ni mtoto. Siku ile nilimwona mvulana ambaye hakuzidi miaka kumi ameshika waya kwa mikono yote miwili, amelalia nyuma kama mtu anayeopoa ndoo kisimani, na mbwa wake amesimama kwa miguu ya nyuma, macho yamemtoka, anakoroma. Mbwa mwingine alipomsogelea walishikana, mvulana akauachia waya, na mbwa akatoroka bila kuchanjwa. Kiganja cha mtoto kilikuwa na mkato uliokuwa ukitoka damu. Mtaalamu wa mifugo aliyekuwa akichanja alikuwa peke yake na msaidizi mmoja, foleni ilikuwa ndefu, na simlaumu kwa lolote. Nilihesabu mbwa wanne waliotoroka namna hiyo kabla ya saa sita mchana, na kila mmoja amerudi mtaani bila kinga.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtesa mnyama, na sidhani kama yupo atakayebisha kwamba waya unaozama kwenye nyama ya shingo ni mateso. Hata hivyo siombi polisi wawakamate watoto wenye waya. Ninachowaomba wataalamu wa mifugo wa kata na halmashauri zetu, kuanzia Mbeya na Rungwe hadi Njombe na Iringa, ni kwamba wiki moja kabla ya siku ya chanjo, wanapopita kwenye mitaa na shule kutangaza, wachukue hatamu moja ya mfano na mbwa mmoja mtulivu, wawaonyeshe watoto inavyovaliwa na namna ya kusimama bila kuzungusha kamba mkononi. Kwa kuwa wiki moja haitoshi kumzoesha kila mbwa, mwenye mbwa ambaye bado hajaizoea angalau atumie mkanda mpana wa shingo na kamba nene, na mbwa huyo aletwe na mtu mzima. Shule zenye masomo ya stadi za kazi zinaweza kuzishona; utepe wa begi bovu la shuleni unatosha mbwa mmoja mdogo. Nami ninawaomba wenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo, ambao wanauza minyororo yenye miiba ya ndani, waache kuileta, kwa sababu mnunuzi asiye na ujuzi anaamini kwamba kilicho dukani kimethibitishwa kuwa salama.

Gharama isiwe kisingizio. Fundi wangu alinitoza shilingi 9,000 kwa ile ya pili, ikiwa ni pamoja na pete na bizimu, na tangu wakati huo ameshawashonea majirani zangu sita. Matibabu ya mkono wa dada yangu, nauli za kwenda na kurudi kliniki, na kibarua aliyemlimia shamba lake la viazi wakati hawezi kushika jembe, vilizidi shilingi 300,000.

Ndugu Mhariri, pamoja na barua hii nimeambatanisha karatasi yenye mchoro wa hatamu yenyewe na vipimo vya ukubwa wa aina tatu, kwa mbwa mdogo, wa kati na mkubwa, kama tulivyovipima mimi na fundi kwa mbwa wa mtaani kwetu. Nafasi ikipatikana naomba mchoro huo uchapwe pamoja na barua, hata kama itabidi kupunguza maneno yangu, ili fundi yeyote wa viatu au mabegi mwenye gazeti hili mkononi aweze kuifuata bila kuniuliza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu,
Isanga, Mbeya.